Somo wa Mtoto wa Mashavu

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sitaki kelele. Nina mtoto mmoja, mashine moja na watu watatu. Nikimaliza nitawauliza swali, na safari hii sitaki mtu aniambie "wote watatu." Hilo ni jibu la mvivu.

Watu wenyewe ni hawa. Wa kwanza ni Sista Faraja, muuguzi wa wodi ya watoto njiti, na kipawa chake kilikuwa mkono. Akigusa unyayo wa mtoto kwa mgongo wa vidole vyake, alikwambia hali ya mtoto kabla kipimo hakijatoka kwenye boksi lake. Wa pili ni Mzee Hoza, fundi saa wa sokoni, na kipawa chake kilikuwa jicho. Jicho lake zima lilikuwa moja tu, la kulia, lakini kwa hilo moja alisoma vitu ambavyo sisi wenye mawili tungesema ni vumbi. Wa tatu ni Mbwana, fundi wa kompyuta wa hospitali, na kipawa chake kilikuwa kichwa. Kurasa za namba alizozisoma mara moja zilibaki humo, hazikutoka.

Na katikati yao alikuwepo Mashavu, mama wa mtoto. Yeye siku ile hakuwa na kipawa chochote, alikuwa na hofu tu.

Hospitali sitaitaja, msinichimbe. Ilikuwa mlimani, mbali, na mwaka ule mvua ilikuwa imekata barabara huku na huku. Mtoto wa Mashavu alizaliwa kabla ya wakati wake, kilo moja na robo, mapafu hayajakomaa. Walimwekea mrija puani unaomsukumia hewa, na kwenye kitanda chake chenye joto wakabandika kadi imeandikwa "Mtoto wa Mashavu." Jina lenyewe hakuwa nalo. Kwa ukoo wa mumewe jina hutolewa siku ya saba, na hiyo ilikuwa siku ya sita.

Tena jina kwao si mchezo. Mtoto hupewa jina la mtu aliye hai, na mtu huyo ndiye somo yake. Somo anakuwa mzazi wa pili. Ndiye anayemposea akikua, ndiye anayemshika mkono siku ya harusi, na somo akifa, mtoto ndiye anayeingia kaburini kumpokea. Kwa hiyo jina haligawanywi. Ni mtu mmoja na jina moja, basi. Ndiyo maana Mashavu, kila alipoitazama ile kadi, roho ilimruka. Aliogopa mwanawe atazikwa akiitwa Mtoto wa Mashavu.

Sasa hapo pembeni ya wodi kulikuwa na kompyuta juu ya meza, na hiyo ndiyo iliyoamrisha pampu ya hewa ya watoto wanne waliolazwa mle. Nisikilizeni vizuri, msije mkaniambia baadaye hamkuelewa. Ubongo wa kompyuta ni chipu. Karibu na chipu hiyo kuna kifaa kidogo, na kazi yake ni moja: kuhesabu ubongo umebanwa na kazi kiasi gani. Anayeitaka hesabu hiyo ni kerneli, yaani kiini cha mfumo mzima, bwana mkubwa anayegawa kazi. Lakini bwana mkubwa huyu hajui lugha ya kila kifaa. Anataka mkalimani, na mkalimani huyo mafundi wanamwita draiva. Kifaa kinataja jina lake, kerneli inatafuta kwenye orodha ni draiva ipi yenye jina hilo, inawaunganisha, kazi inaendelea.

Na wakiunganishwa wasiohusiana? Hapo ndipo pa kuogopa, ndugu zangu. Draiva hainyamazi. Inasoma mahali pasipo pake, inatoa namba, na namba inaaminiwa.

Asubuhi ile, saa tatu hivi, Mashavu alikuwa ameketi anasikiliza pampu. Alikuwa ameizoea kwa siku sita: inavuta, inasukuma, inavuta, inasukuma. Ghafla ikavuta, halafu kimya. Mashavu akainua kichwa. Midomo ya mtoto ikaanza kuwa na rangi ya wino. Halafu pampu ikasukuma, na rangi ikarudi.

"Sista!" aliita. "Sista, mashine imesita!"

Daktari alikuja, akatazama kioo cha kompyuta. Kilikuwa kijani kitupu. Kimeandika kwamba ubongo unafanya kazi asilimia tatu. "Kompyuta imepumzika kabisa," alisema. "Tatizo ni mirija." Wakabadilisha mirija. Dakika kumi baadaye pampu ikasita tena, na safari hii ilichelewa zaidi. Wakabadilisha mirija mara ya pili, na mara ya tatu. Kwenye kioo palibaki tatu ileile, ya kijani. Watoto wote wanne walikuwa wanakosa pumzi kwa zamu, na mtungi wa hewa wa akiba ulikuwa mmoja tu, umeshafungwa kwa mtoto wa kitanda cha kwanza aliyezidiwa kuliko wenzake.

Mashavu alianza kuhesabu ukimya. Wa kwanza ulifika hesabu ya nne, wa pili ya saba. Alipofika kumi na moja alipiga magoti pale pale kwenye sakafu na kusema kwa sauti, mbele ya daktari, mbele ya wauguzi na kina mama wenzake:

"Atakayemrudishia mwanangu pumzi, mwanangu atabeba jina lake. Nimesema mbele za Mungu na mbele yenu."

Mmesikia alivyosema? Yashikeni maneno hayo, mtayahitaji.

Sista Faraja hakuwa anatazama kioo. Alimgusa mtoto unyayo, akaguna. Akagusa mrija, akatikisa kichwa. Akafuata waya kwa mkono, polepole, kutoka kitandani hadi mezani, mpaka akafika kwenye kasha la kompyuta. Alipoliwekea mgongo wa vidole, aliurudisha mkono mara moja.

"Daktari, hili boksi linaungua."

"Kompyuta zote zina joto, Sista. Soma kioo. Asilimia tatu."

"Kioo sijui. Kitu kilichopumzika hakiungui hivi. Hiki kinakufa kwa kazi." Akageuka na kusimama kati ya daktari na ile kompyuta, mtu mfupi yule, kilemba kimemshuka kwenye nyusi. "Guseni mirija mnavyotaka, lakini mimi sitoki hapa mpaka Mbwana aitwe. Mkiniandikia barua ya onyo mniandikie kesho."

Mashavu alimtazama na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapata mtu wa kumshika mkono. Mkono wa Sista ulikuwa na malengelenge mawili yanayoanza kuvimba.

Mbwana alikuja mbio. Akaketi, akafungua hiki na kile, na Mashavu akaona shingo yake inalowa jasho. "Sista anasema kweli," alisema. "Kompyuta imeelemewa. Imerundikiwa mafaili ya hospitali nzima, picha za eksirei, kila kitu, kwa sababu kerneli inadhani ina nafasi. Amri ya kusukuma hewa inakaa kwenye foleni." Akafuta kazi mbili. Kerneli ikaleta nyingine nne. Akafuta nne, zikaja sita. Bwana mkubwa alikuwa ameambiwa kuna nafasi, basi alijaza nafasi.

"Izime uiwashe!" alifoka daktari.

"Kuwaka ni dakika nane," alisema Mbwana. "Dakika nane bila hewa."

Mashavu alitazama mbavu za mwanawe, nyembamba mno, zinapanda na kushuka, akajua dakika nane ni nini.

Draiva iliyotoa ile tatu haikuwa ya kile kifaa, na iliyobaki ilikuwa njia moja, kukiandikia draiva yake halisi na kuiingiza kwenye kerneli huku kompyuta inafanya kazi. Lakini vifaa vile vilikuwa vya aina mbili, na vyote viwili vikiulizwa jina vinataja jina lilelile. Tofauti yao ilikuwa alama iliyochongwa mgongoni mwa kifaa. Aina moja ilikuwa na nukta moja, nyingine nukta mbili. Ukiingiza draiva ya nukta moja kwenye kifaa cha nukta mbili, mfumo wote unaganda. Mbwana alifungua ubavu wa kasha, akachungulia, akajaribu kupiga picha kwa simu. Kifaa chenyewe kidogo kuliko punje ya mtama, kimejificha nyuma ya feni, na feni haisimamishwi. Picha zilitoka ukungu mtupu.

"Mzee Hoza," alisema Sista Faraja. "Mleteni fundi saa."

Wakamleta amelowa chapachapa, kofia mkononi, kioo chake cha jichoni kimefungwa kwa kamba shingoni. Mashavu alimwamkia akiwa bado amekaa sakafuni, "Shikamoo," na mzee akaitikia "Marahaba, mwanangu," bila kusimama. Daktari mwenyewe alimzuia mlangoni. "Mzee, nilikukataza joto na moshi. Jicho hilo moja likiharibika, basi tena."

"Daktari, nimesikia mwezi uliopita, na leo pia nimesikia," alisema Mzee Hoza, na akampita.

Akaweka kioo jichoni na kuingiza uso ndani ya kasha, shavu limekaribia feni, upepo wa moto unampiga usoni. Pampu ikasita. Mashavu akahesabu. Moja, mbili, tatu. Mzee hakupepesa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu. Nane, tisa. Pampu ikasukuma. Mzee bado yumo. Ikasita tena, na Mashavu akafika kumi na mbili, akauma upande wa kanga yake asipige kelele.

"Nukta mbili," alisema mzee.

"Una hakika, Mzee wangu?" Mbwana alimuuliza. "Nikikosea wanakufa wote."

"Miaka arobaini nasoma saa ndogo za wanawake wa mji huu, hakuna aliyeniuliza hivyo. Nukta mbili. Ya pili imefichwa na uchafu, ndiyo maana nimekawia." Alipotoa uso nje jicho lilikuwa jekundu tupu, na alipapasa hewa akitafuta kiti. Mashavu alimkalisha yeye mwenyewe. "Upo wapi, mwanangu?" aliuliza mzee, na Mashavu alikuwa mbele yake kabisa.

Ikabaki kazi ya Mbwana. Mtandao ulikuwa umekatika na mvua, hakukuwa na mahali pa kutazama. Kila namba ya kifaa kile, hesabu inakaa wapi, inasomwa vipi, ilibidi itoke kichwani. Alifumba macho, akaandika huku amefumba. Alifumbua, akasahihisha mahali pamoja. Dakika kumi na tano zilipita, na Mashavu alizihesabu kwa ukimya wa pampu, si kwa saa. Ukimya wa mwisho ulifika kumi na sita, na mtoto aliacha kuvuta mguu Sista alipomfinya.

"Sasa!" alisema Sista Faraja. "Mbwana, sasa hivi, mtoto anaondoka!"

Mbwana akaweka kidole juu ya kitufe, kidole kikakataa kushuka. Alimtazama Mashavu, na macho yake yalikuwa na kitu zaidi ya woga, kitu ambacho Mashavu hakukielewa siku ile. "Bismillahi," alisema, na akabonyeza.

Ile tatu ya kijani ikafutika. Kioo kikawa kitupu. Halafu ikatokea tisini na nane, nyekundu, kubwa.

Mashavu alipiga ukelele. "Mmemuua! Mmemuua mwanangu!"

"Hapana, mama, hapana!" Mbwana alikuwa analia. "Hiyo ndiyo kweli. Tangu mwanzo ilikuwa tisini na nane!"

Na kerneli, iliposikia kweli, ikashtuka. Ikaangusha mafaili, ikaangusha picha, ikaongeza feni mpaka karatasi zikaruka mezani. Tisini na nane ikawa sabini, sabini ikawa arobaini. Pampu ikavuta, ikasukuma, ikavuta, ikasukuma. Rangi ya wino ikatoka kwenye midomo taratibu. Mtoto akakunja uso, akatoa kilio chembamba kama cha paka mchanga, na wodi nzima ikamjibu kwa kulia.

Mngependa niishie hapo, eh? Mngelala vizuri. Lakini kulikucha, na siku ya saba ikafika.

Mama mkwe, Bi Tausi, alikuja kwa miguu kuzunguka kule barabara ilikokatika, matope hadi magotini. Ahadi ya mkwewe alikuwa ameshaipata kwa simu. Akawaita wale watatu kando ya kitanda, akampa Mashavu kadi mpya na kalamu. "Umeapa mbele za watu, mkwe. Leo jina litoke. Nani kamrudishia pumzi?"

Sista Faraja, mkono umefungwa bandeji, alisema kwa sauti ya chini: "Mimi nimeosha watoto wengi wa wodi hii, mama. Nawaosha, nawafunga, nawakabidhi. Sijawahi kubaki na mmoja wa kuniita somo. Na jana, kama mkono wangu ungekiamini kioo, tungebadilisha mirija mpaka wa mwisho akate roho. Faraja ni jina la mwanamke na la mwanamume pia."

Mzee Hoza alisema akielekeza uso upande wa sauti, kwa maana jicho lilikuwa bado ukungu na daktari hakutaka kuahidi lolote. "Mimi sikupata mtoto. Nikifa wataniingiza kaburini watu wa sokoni, na ni watu wema, lakini ni watu wa sokoni. Jicho nimeliacha ndani ya lile boksi. Sidai. Nasema tu lilipo."

Wakamgeukia Mbwana. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kama mtu anayetaka kutoka.

"Msinipe," alisema. "Wiki mbili nyuma tulibadilisha bodi ya kompyuta hii, lile bamba lenye chipu na kile kifaa. Nilipoiwasha, kerneli ilikikataa kile kifaa. Ilisema haikijui. Nilitakiwa nifungue kasha, nikitazame, nikiandikie draiva yake. Ilikuwa Ijumaa, nimechoka. Nikachukua jina la kifaa nikalichomeka kwenye orodha ya draiva ya zamani, ili kerneli ikubali. Ikakubali. Namba ikatokea, nikafurahi, nikaenda nyumbani kula. Ile tatu niliiweka mimi."

Mashavu aliinuka. Damu ilimpanda kichwani, na mkono ukainuka wenyewe kumpiga. Mbwana hakukwepa. Akasimama anangoja, na Mashavu aliuona tena kile kitu cha jana machoni mwake, na safari hii akakielewa. Alikuwa amebonyeza kile kitufe akijua kwamba mtoto akifa, muuaji ni yeye.

"Hakuna aliyekuuliza," alisema Bi Tausi taratibu. "Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna, mama."

"Astaghfirullahi." Bi Tausi akashusha pumzi ndefu. "Mkwe, uliapa jina la atakayemrudishia pumzi. Kidole kilichobonyeza ni cha huyu. Na hewa aliyoirudisha aliiondoa mwenyewe. Mimi ni mzee, lakini hili silijui."

"Mwacheni huyo!" alisema Sista Faraja kwa hasira. "Aliyewasha moto anapewa zawadi kwa kuzima moto?"

"Sista, taratibu," alisema Mzee Hoza. "Watoto wengine watatu bado wako kwenye boksi lile, na anayelijua ni yeye. Aliyesema kweli yake leo, kesho hatachomeka tena jina la uongo. Lakini mimi nisisikilizwe. Mimi nina tamaa yangu."

Mashavu aliketi. Akamtazama mwanawe, tumbo linapanda na kushuka, kilo moja na robo ya mtu asiye na jina. Akaiweka kadi mpya gotini, akafungua kalamu. Aliogopa kuliko jana, kuliko alipofika kumi na sita. Maana alikuwa ameona kwa macho yake jina likichomekwa pasipo pake linafanya nini: hakuna anayepiga kelele, kila kitu kinakuwa kijani, mpaka siku pumzi inapokata. Na hili lilikuwa jina la maisha, la harusi, la kaburini. Nje watu walikuwa wanangoja, na Bi Tausi alikuwa ameshaanza kuinua mikono kwa ajili ya dua.

Kalamu ikagusa kadi.

Mimi yangu nimemaliza, nimeweka mzigo chini. Kuna mkono ulioungua, kuna jicho lililozimika, kuna kichwa kilichokosa kikatubu. Ungemtoa mmoja kati yao, mtoto angezikwa bila jina. Na ahadi imeshatamkwa, haimezwi. Wewe hapo unayejificha nyuma ya mwenzako, naam, wewe. Shika kalamu ya Mashavu. Mtoto anaitwa nani?